Kadi ya njano kabla ya Accra

SWALI: Daktari, shikamoo. Naishi Majengo, Moshi. Tarehe 20 mwezi ujao nakwenda Accra, Ghana, wiki mbili. Nimeambiwa sindano ya homa ya manjano naweza kuchoma hata siku chache kabla ya kupanda ndege pale KIA. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Kuchoma unaweza, ila cheti cha chanjo, yaani kadi ya njano, kitakuwa bado hakijaanza kazi. Huhesabika halali kuanzia siku 10 baada ya chanjo, muda ambao mwili unahitaji kujenga kinga. Ukichoma tarehe 15, Accra wana haki ya kukukatalia. Nenda wiki hii. Kama uliwahi kuchanjwa, tafuta kadi ya zamani kwanza: tangu Julai 2016 cheti ni cha maisha, hata kama kimeandikwa miaka 10.

Kagua kadi kabla hujatoka dirishani: jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe, namba ya toleo la chanjo, sahihi, muhuri. Muhuri ukisahaulika, utahangaika wewe. Chanjo hii ina virusi hai, hivyo sema mapema kama una mimba, mzio mkali wa mayai au kinga hafifu.

Halafu malaria, ambayo wengi wa huku kwenye baridi huipuuza. Muulize daktari kuhusu doksisaiklini, dawa ya kukinga malaria: huanzwa siku 1 au 2 kabla ya safari, kila siku, na kuendelea wiki 4 baada ya kurudi. Hapo ndipo watu huacha, wakati vimelea bado vinaweza kutoka kwenye ini.