Mwalimu Anajibu: Tumnunulie Tableti?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu ana miaka 5. Simu anaifungua mwenyewe na katuni anazitafuta mwenyewe, ilhali kusoma bado. Baba yake anataka tumnunulie tableti asije akaachwa nyuma na wenzake. Mimi moyo unasita. Tuanzie wapi?
Mama Mwenye Wasiwasi

JIBU: Marahaba, mama. Kufungua simu na kupata katuni si kuijua teknolojia. Simu imeundwa makusudi iwe nyepesi kiasi hicho. Mtoto wa umri huo ninataka ajue kwanza kwamba mashine hufuata maagizo, na maagizo hayo yametoka kwa watu. Hilo halihitaji tableti.

Darasani kwangu tunaanzia sakafuni. Nachora miraba kwa chaki, mtoto mmoja anakuwa roboti, mwenzake anampangia vikadi vya mishale: mbele, mbele, geuka kulia, mpaka afike kwenye kiti. Roboti haruhusiwi kuamua lolote. Kama kadi inasema mbele na mbele kuna ndoo, anakwenda mpaka anaigonga. Aliyepanga huja juu: "Kwani ndoo huioni?" Kisha anainama, anapitia vikadi kimoja kimoja kwa kidole, anaona pale aliposahau kugeuza. Usimwonyeshe kosa, hata akichelewa. Wala usimruhusu avikusanye vyote aanze upya, kwa sababu kilichokosewa ni kikadi kimoja na kazi yake ni kukitafuta.

Nyumbani, wewe ndiye uwe roboti. Akikuagiza "vaa kiatu", kivae mkononi. Atacheka sana, halafu atatafuta namna ya kusema inayoeleweka zaidi.

Seymour Papert, mtaalamu wa hisabati na kompyuta, na wenzake walibuni Logo mwaka 1967, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto, na baadaye akaja "kobe", kiroboti au alama kwenye skrini, ambaye mtoto humwamuru atembee na kuchora. Papert alitaka mtoto aiongoze kompyuta, si kompyuta imwongoze mtoto. Naamini hivyo kwa moyo wote.

Kwa hiyo tableti ikija, ije na kazi. Iko programu ya bure iitwayo ScratchJr, ya watoto wa miaka 5 hadi 7. Humo mtoto anaunganisha vipande vya picha ili mhusika atembee au aruke, na hahitaji kujua kusoma. Kaa naye. Kuhusu muda, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Wako ndiyo kwanza ametoka katika umri huo, nami ningebaki na saa hiyo hiyo.

Jambo jingine, ambalo wazazi wengi hulipita: picha zake. Kabla ya kumtumia shangazi yake picha, muulize mtoto, "Nimtumie hii?" Mweleze kwamba ikishatoka kwenye simu yako, huwezi tena kuirudisha. Akikataa, usitume, wala usimbembeleze.