Kujiandaa na zoezi la majaribio la kutunga masomo

Ndugu, umeomba kazi ya kutunga masomo ya Kiswahili kwenye kampuni ya programu ya kujifunza lugha, na unauliza ujiandae vipi na zoezi la majaribio.

Sarufi unaijua. Kinachowaangusha wengi ni orodha ya majibu yanayokubalika. Chukua "Ninasoma kitabu": mwanafunzi akiandika "Nasoma kitabu" au "Mimi ninasoma kitabu", amepatia pia. Usipoyaingiza yote, programu itamhesabia kosa, naye atakata tamaa mapema. Vivyo hivyo akitafsiri kutoka Kiswahili: "Anasoma" haisemi ni mwanamume au mwanamke. Kwa lugha zinazowatenganisha hao wawili, kubali tafsiri zote mbili.

Usirundike ngeli. Somo la kwanza la ki-/vi- libaki na kitabu, kiti, kisu, na upatanisho wake: "kisu changu kimepotea". Ukitumbukiza mti na gari humo, mwanafunzi haoni tena mpangilio. Maneno mapya matano yanatosha, kila moja lirudi katika sentensi tatu hivi.

Kabla ya kusaini, uliza kama malipo ni kwa saa au kwa sentensi, na kama marekebisho yanalipwa. Marekebisho ndiyo hula muda.