Opereta mpya wa katapila kuukuu, inua jino kabla hujakata kona

Wadogo zangu mnaoanza kushika mashine, wiki hii tena nimeona mtu anakata kona huku ripa, lile jino la nyuma la kurarulia ardhi, imezama ardhini. Msimu uliopita nilimwona mwingine, na kabla yake mwingine. Nawapenda, lakini kwa hili naomba mnivumilie nikipaza sauti.

Nazungumzia mashine kama D8K, tingatinga la zamani la Caterpillar: nguvu farasi 300, sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) iko chini, leva mbili za kukatia kona. Bado inafanya kazi nzito. Ila kwenye zile za sproketi ya juu, zilizoanza na D10 mwishoni mwa miaka ya 1970, fainali, yaani gia za mwisho zinazozungusha sproketi, imeinuliwa mbali na mapigo ya ardhi. Ya kwako ikikanyaga jiwe, pigo linaingia moja kwa moja kwenye gia. Endesha ukilijua hilo.

1. Jua unararua nini. Hapa Mwanza tuko juu ya granaiti. Juu unakuta changarawe, yaani granaiti iliyooza, na hiyo inapasuka vizuri. Lakini ndani yake yamelala mawe mazima ya mviringo ambayo hayajaoza, na ukiwa kwenye kiti huyaoni. Aliyezoea udongo mweusi wa mbugani anafika mlimani akidhani ardhi ni ile ile. Shuka, tembea. Kaangalie kingo za mtaro, au shimo la choo alilochimba jirani wa saiti. Shimo la choo litakueleza mengi kuliko fomeni.

2. Gia ya kwanza, kilomita 1.5 hadi 2.5 kwa saa, mstari ulionyooka, na ukielekea mteremkoni inapowezekana. Cheni zikianza kuteleza, punguza kina, usiongeze mafuta. Karibu nusu ya gharama za kutunza mashine ya cheni zinaishia kwenye cheni, rola na sproketi zake, na kuteleza ndiko kunakozimaliza haraka.

3. Sasa hili la kona. Kuna saiti moja ya barabara, upande wa Buhongwa, kijana mzuri kabisa, mkono mwepesi, alikuwa anararua tangu asubuhi bila tatizo. Mimi nilikuwa kwenye greda nyuma yake. Jino likagusa jiwe. Nyuma ya mashine ikainuka, injini ikazama sauti. Hapo ilitakiwa aachie mafuta, asimame, anyanyue ripa, apite. Badala yake akavuta leva ya kulia na kukanyaga breki ili alizunguke jiwe, jino likiwa bado chini kabisa.

Shenki, yaani mhimili wa chuma unaobeba ncha ya jino, imeundwa kuvutwa mbele. Ukiizungusha, uzito wote wa mashine unaipinda kwa ubavu, na shenki haina pa kwenda, kwa hiyo nguvu inapanda kwenye pini, kwenye fremu, hadi kwenye boliti zilizoshika ripa nyuma ya kesi ya gia. Tulisikia mlio mmoja. Shenki ilipinda, uchomeleaji wa fremu ukapasuka, boliti mbili zikakatika, na kesi ikapata ufa. Oili ya gia ikamwagika kwenye changarawe na hakuna aliyeweza kuizuia.

Nilipomfikia alikuwa bado ameshika leva. "Mzee, nilitaka tu kulikwepa jiwe, fomeni alisema tusipoteze muda." Sikuweza kumgombeza. Mashine ilikuwa ya kukodi, mwenye mashine alikuwa ameisomeshea watoto. Kesi ya mashine ya umri ule haipatikani dukani, inatafutwa kwenye mashine iliyokufa mahali fulani. Dampa zilisimama. Vibarua waliokuwa wakikusanya mawe waliambiwa warudi nyumbani, na wale hulipwa kwa siku. Mama mmoja aliuliza kama waje kesho, na hakukuwa na wa kumjibu. Haya yote yametokana na sekunde tatu za kutonyanyua leva ya ripa.

Kwa hiyo: inua, kata kona, shusha. Kurudi nyuma pia, inua kwanza. Kila mara, hata kwa hatua moja, hata fomeni akipiga kelele.

4. Badilisha ncha ya jino kabla haijaisha, maana ikiisha unaanza kula shenki.

5. Safisha rejeta kila asubuhi. Kiangazi ni vumbi, na ukiwa karibu na ziwa, wale wadudu wanaotoka majini kwa makundi wanaziba mapezi yote. Geji ya joto ikipanda, ripa juu, mashine ipumue bila kuzimwa. Jioni nayo iache iungurume taratibu dakika tano kabla hujazima, turbo ipoe.

6. Kaza boliti za nyuma. Shika spana mwenyewe, usimwachie fundi peke yake.

Na ukikuta jiwe lililokataa, jaribu mara moja kutoka upande mwingine, kwa kina kidogo. Likikataa tena, limwagie chokaa liwe na alama, uendelee pembeni. Granaiti nzima si kazi ya D8K, ni kazi ya watu wa kuchoronga na baruti. Fomeni akikuuliza kwa nini umeliacha, mpeleke akalione, kisha mwambie awaite hao.