Namba iliyoninyima usingizi: 4,294,967,297

Juzi kijana wa kidato cha sita kaniandikia: "Mwalimu, nitajuaje kama namba kubwa ni tasa bila kugawa mpaka asubuhi?" Nimeusoma ujumbe huo mara tatu, maana swali hilohilo liliniumiza nikiwa mwaka wa kwanza chuoni.

Tuliulizwa kama 4,294,967,297 ni namba tasa. Nikanyoosha mkono kabla ya wenzangu. Inaishia na 7, kwa hiyo 2 na 5 haziigawi. Jumla ya tarakimu zake ni 59, kwa hiyo 3 nayo inagoma. Tena nilikuwa nimesoma kwamba Fermat, mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini ni tasa. Ni 2 kwa kipeo cha 32, ukaongeza 1, na ndugu zake wadogo wa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, yaani 3, 5, 17, 257 na 65,537, wote ni tasa. Nikasema "ni tasa" kwa kujiamini kabisa. Mhadhiri hakunijibu. Aliandika 641 ubaoni, darasa likaangua kicheko. Kicheko kile nakisikia hadi leo.

Usiku ule sikulala. Namba isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba ile ni 65,536 na ushee, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Nani atazigawa zote kwa mkono?

Mwanahisabati Euler ndiye aliyegundua kwamba 641 inaigawa, mwaka 1732, na njia aliyoieleza baadaye ndiyo iliyonifuta machozi: kila kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe kigawe cha 64 ukiongeza 1. Basi nikapanga: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki tano. Nikagawa mara tano tu, na ya tano ikaingia bila baki: 641 × 6,700,417. Niliruka kitandani saa tisa usiku, peke yangu, na sijapata alama ya mtihani iliyonifurahisha kama ile.

Kwa hiyo mdogo wangu, usikimbilie kugawa. Uliza kwanza namba imeundwaje. Na jina kubwa lisikufumbe macho; Fermat alikuwa bingwa na bado alikosea, nami niliyemwamini bila kukagua nikakosea mara mbili. Kagua mwenyewe. Nasema tena, kagua mwenyewe! (Kanuni ya 64 ni ya namba hii na vigawo vyake, usiibebe kwenye namba yoyote tu.)

Sasa chukua 6,700,417 ujue kama ni tasa; ni kigawo cha namba yetu, kwa hiyo vigawo vyake tasa navyo vinafuata kanuni ya 64. Kipeuo chake cha pili ni 2,588 na ushee. Anzia 641 yenyewe, ongeza 64 kila mara mpaka ufike hapo, chuja zisizo tasa. Utabaki na saba tu: 641, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Zigawe kwa kalamu, kisha uniandikie mabaki yote saba.