Kabla ya Saksafoni, Tafuta Maneno

Kwa zaidi ya mwaka, mkusanyiko wangu wa nyimbo za polepole za Dexter Gordon, mpiga saksafoni wa jazi, ulikuwa muziki wa kuoshea vyombo. Nawasha, naingia jikoni, nikitoka umekwisha. Ungeniuliza wimbo wa tatu ni upi, ningekutolea macho tu.

Kilichonizindua ni kusoma kwamba Dexter akiwa jukwaani alikuwa na kawaida ya kuyasema kwanza maneno ya wimbo, kwa ile sauti yake nzito, ndipo apulize. Niliona aibu kidogo. Mimi niliyelelewa kwenye nyumba ya taarabu, ambako mama akihisi fumbo linakuja anapunguza moto wa mchuzi ili alisikie vizuri, nilikuwa nasikiliza nyimbo za mapenzi bila kujua nani kamkosea nani!

Kwa hiyo anza na wimbo mmoja, uyatafute maneno yake. Mimi nilianza na Don't Explain, wimbo wa mwimbaji wa jazi Billie Holiday. Mwenyewe alisimulia kwamba ulitokana na mumewe kurudi nyumbani na rangi ya mdomo kwenye kola, akaanza kujitetea. Mke akamkata: usijieleze. Ukishalijua hilo, msikilize Dexter anavyochelewa. Piano ya Sonny Clark imeshafika, yeye bado yuko nyuma, kama mtu aliyesimama mlangoni hajui aingie au arudi alikotoka. Zamani nilidhani ni uzembe wa mpigo. Siku hizi ndipo ninapopasubiri.

Jambo jingine: mkusanyiko umeokotwa huku na huku, kwa hiyo soma nyuma ya jalada. Huo wimbo Dexter aliurekodi tarehe 29 Agosti 1962, kwenye studio ya Rudy Van Gelder kule New Jersey, siku mbili tu baada ya kurekodi albamu yake ya Go, na wenzake walikuwa walewale: Clark kwenye piano, Butch Warren kwenye besi, Billy Higgins kwenye ngoma. Ghafla unaofuata unaweza kuwa wa Paris, 1963, na kwenye piano yuko Bud Powell. Chumba kingine, watu wengine, hata hewa nyingine. Mimi nimezipanga upya kwa tarehe, na za Paris nazipa jioni yake. Simu ikitaka kuzichanganya yenyewe, izime hiyo tabia.

Spika ya simu achana nayo, besi ya Warren haitasikika kabisa. Nilishajaribu ile mbinu ya kuitumbukiza simu kwenye sufuria: sauti inapanda kweli, ila saksafoni inageuka nyuki ndani ya debe. Spika za masikioni, hata za bei ya chini, zinashinda. Na usifungulie sana. Inatosha usikie pumzi ikipita kwenye mdomo wa saksafoni kabla noti haijatokea.

Mke wangu hapendi jazi, hilo hafichi. Juzi nilimpa kile kisa cha kola, akakaa kimya mpaka wimbo ukaisha.

"Sasa mume alijibu nini?"

Nikamwambia kwenye wimbo mume hapewi nafasi ya kusema.

"Afadhali. Hebu urudishe."