"Gari lina bima kamili": maana yake nini hasa?

Maswali ya wasomaji kuhusu kukodi gari la kambi

*Hamjambo. Nimekodi kampavani ya siku nane hapa Nairobi. Ni mimi, mume wangu na watoto wawili, twende Naivasha na Mara kisha turudi. Mwenye gari ameniambia lina komprehensivu, yaani bima kamili, kwa hivyo nisiwe na wasiwasi. Lakini mkataba unasema eksesi ni shilingi 150,000, na nikilipa CDW ya 2,500 kwa siku eksesi inashuka hadi 40,000. Kama bima ipo, pesa hizi zote ni za nini? – Mama wawili, Kasarani*

Dada, komprehensivu hiyo ni yake, si yako. Bima ilikatwa ili mali yake isipotee, na ni yeye atakayedai fidia. Wewe unafungwa na mkataba wa kukodi, na mkataba huo unaweza kukudai hata pale ambapo bima yake imelipa.

Eksesi ni sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe. CDW nayo (Collision Damage Waiver, yaani msamaha wa gharama za ajali), ingawa huandikwa karibu na neno bima, kwa kawaida si bima. Ni ahadi ya mwenye gari kwamba ukimlipa kiasi fulani kwa siku, atakusamehe sehemu ya eksesi. Ahadi ya namna hiyo ina nguvu kulingana na maandishi yake tu, kwa hivyo maneno ya simu hayasaidii kitu.

Tupige hesabu yako. Siku 8 mara 2,500 ni 20,000, na hizo hazirudi. Ukirudi nyuma kambini ukagonga mti, fundi akasema 95,000, bila CDW unalipa zote, kwa kuwa ziko chini ya 150,000. Ukiwa na CDW unalipa 40,000, na ukijumlisha zile 20,000 inakuwa 60,000. Hasara ikiwa 400,000, ni 150,000 dhidi ya 60,000. Ikiwa 30,000 tu, unalipa zote kwa vyovyote, na CDW imekula pesa bure. Kwa hivyo mpaka wako ni 60,000: chini ya hapo CDW haikufai, juu ya hapo inakuokoa. Kwa safari ya Mara sisi tungeilipa, mradi orodha ya yasiyolipwa isomwe kwanza.

Orodha hiyo ndiyo penye kazi. Mara nyingi CDW haigusi tairi, rimu, vioo, upande wa chini wa gari, vitu vya ndani, funguo zilizopotea, wala mafuta yasiyofaa yaliyotiwa kwenye tangi. Kwenye gari la kambi ongeza paa, hema la juu na turubai la kivuli la pembeni. Sasa fikiria wewe: njia ya Mara itaharibu nini? Mawe yatapasua tairi na kioo cha mbele, na tawi la mgunga litachana hema. Yaani vile vinavyoharibika zaidi ndivyo vilivyoachwa nje. Uliza kama kuna nyongeza ya tairi na kioo. Kampuni kadhaa huiuza kando kwa pesa kidogo.

Kuhusu paa, pima kimo cha gari hema likiwa limefungwa, kuanzia chini hadi sehemu ya juu kabisa. Andika namba hiyo kwenye kipande cha selotepu ukibandike mbele ya dereva. Dereva wa gari dogo hana mazoea ya kutazama juu, na kile chuma kinachoning'inia kwenye mlango wa maegesho ya chini ya ardhi hakimsubiri mtu. Usiku usiache turubai limefunguliwa. Upepo wa Naivasha huinuka ghafla na kukunja vyuma vyake, na hilo huhesabiwa uzembe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wengi huligundua wakati wa kurudisha gari: siku za gereji. Gari likilala kwa fundi wiki mbili, mikataba mingine hukutoza kodi ya siku hizo zote, na CDW haiondoi deni hilo. Omba kipengele hicho kifutwe au kiwekewe kikomo cha siku kabla hujatia sahihi.

*Kuna jamaa ana van aliyoitengeneza mwenyewe, kitanda, sinki na jiko la gesi. Ananipa kwa nusu ya bei ya kampuni. Cheti cha bima nimekiona na hakijaisha muda. Kuna ubaya? – Msomaji, South B*

Cheti kinaonyesha kwamba bima ipo. Hakikwambii yote kuhusu bima hiyo inalinda matumizi gani. Omba uone karatasi za sera yenyewe, yaani mkataba wa bima, usome mistari miwili: matumizi ya gari na madereva wanaoruhusiwa. Gari lililokatiwa bima ya matumizi binafsi likikodishwa kwa pesa, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipia uharibifu wa gari lenyewe. Unachotaka kuona ni kwamba kukodisha kwa anayejiendesha kumeruhusiwa. Uliza pia umri na miaka ya leseni, maana sera nyingi huongeza eksesi kwa dereva kijana au mwenye leseni mpya.

Halafu kuna hicho kitanda na gesi. Mabadiliko ambayo mwenye gari hakuyatangaza kwa bima ni mlango mwingine wa kukataliwa, hasa moto ukianzia jikoni.

Watu wa nje wanaoumia wana ulinzi wao chini ya sheria ya bima ya lazima ya magari, Sura ya 405. Sheria hiyo inahusu kifo na majeraha, na kikomo chake ni shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja. Mahakama ikiamua zaidi ya hapo, ziada inamwangukia aliyeshtakiwa, na dereva huwa miongoni mwao. Ukuta wa mtu au gari lake havimo katika bima hiyo ya lazima, kwa hivyo thadi pati ya gari hilo, yaani bima ya madhara kwa watu wa nje, isome uone kama imeongeza mali na kwa kiasi gani. Nusu ya bei inavutia, lakini kama karatasi hizo hazipo, mwache nayo.

*Mvua imenyesha na mto umejaa kidogo. Nikivuka gari likazimika katikati, bima inalipa? – Rongai*

Mara nyingi hapana, na sababu yake iko kwenye injini. Maji yakipanda hadi mahali injini inapovutia hewa, yanaingia kwenye silinda. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni inapanda, inagota, na konrodi, chuma kinachoishika pistoni, inapinda. Bima huweza kusema huo ni uharibifu wa kimitambo au ni uzembe wa kuingia majini kwa hiari, na mkataba wa kukodi mara nyingi unataja kuvuka mito waziwazi.

Likizimika ndani ya maji, usipige stata tena. Hapo ndipo injini iliyokuwa bado nzima inapovunjika. Zima swichi, livutwe hadi pakavu, fundi atoe plagi au nozeli na kumwaga maji kabla ya kulizungusha. Suala la kuvutwa nalo litazame mapema: sera huweka kikomo cha pesa za kuvuta gari, na kutoka Marsabit hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 500.

*Binamu yangu anatoka Ujerumani na anasema kadi yake ya benki ina bima ya magari ya kukodi. Tuiache ile ya kampuni? – Ngong Road*

Asome kwanza aina za magari na nchi zilizotengwa. Bima nyingi za kadi huacha nje magari ya kambi, magari yenye hema juu na njia zisizo na lami. Hata ikilipa, kwa kawaida humrudishia baadaye. Hapa Nairobi pesa zitakatwa kwenye dipositi yake kwanza. Ahakikishe pia jina lake limeandikwa kwenye mkataba kama dereva. Ukimshikisha usukani bila jina hilo, hata kwa kilomita 10, mnaweza kupoteza ulinzi wote.

*Tukitaka kuvuka Namanga kwenda Arusha? – Kitengela*

Barua ya ruhusa ya mwenye gari, nakala ya logibuku, na Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua. Kadi hiyo inashughulikia madhara kwa wengine pamoja na matibabu ya dharura ya mliomo garini. Haitengenezi gari mnaloendesha. Bima ya Kenya ya gari hilo lazima iongezewe eneo kwa maandishi.

*Ajali ikitokea nifanye nini ili nisikataliwe? – Umoja*

Simama, saidia walioumia, kisha piga picha kabla magari hayajasogezwa: namba zote, alama za breki barabarani, na picha moja ya mbali inayoonyesha barabara nzima. Ripoti polisi, sheria ya barabarani inataka ifanyike haraka iwezekanavyo na isizidi saa 24. Chukua namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), na uombe abstrakti, yaani hati ya polisi ya kuthibitisha ajali. Aliyeumia atahitaji fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika majeraha. Mjulishe mwenye gari siku hiyohiyo kwa ujumbe wa maandishi.

Usikubali kosa wala kuahidi kulipa pale barabarani, kwa sababu sera nyingi zinakataza. Na usiruhusu fundi wa njiani anyooshe bodi kabla mkaguzi wa bima hajaliona gari. Kubadilisha tairi ili usilale porini ni sawa, lakini lile lililopasuka urudi nalo Nairobi.