Greatest Hits ya 2Pac: ndiyo, ichukue

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kununua Greatest Hits, mkusanyiko wa nyimbo za rapa wa Marekani 2Pac, wakati albamu yake All Eyez on Me unayo tayari. Ipo, tena kubwa. Ilitoka Novemba 1998, miaka miwili baada ya kifo chake, diski mbili, nyimbo 25. Humo utaipata California Love ile ya awali. Kwenye albamu yako kuna rimiksi. Halafu Changes! Aliirekodi mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikakaa bila kutolewa. Kile kinanda ni cha wimbo wa Bruce Hornsby wa 1986, na juu yake 2Pac anazungumzia ubaguzi, umaskini na polisi kwa sauti tulivu, bila kufoka. Kwa wimbo huo peke yake ningelipa. Unconditional Love nayo usiiruke.